Salgaa na Hesabu ya Wastani: Mtihani wa Shule ya Msingi Unampima Nani?

Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ukiwa na watahiniwa 1,406,557. Kati yao, 8,525 walipata alama 400 na zaidi kati ya 500, yaani watoto sita katika kila elfu. Tangu mtihani huo uanzishwe mwaka 1985, hao sita ndio waliobebwa juujuu mbele ya kamera, nao mia tisa tisini na wanne waliobaki wakajulikana kwa kitu kimoja tu: wastani wa shule yao. Wastani huo ndio mzazi aliouulizia kabla ya kuamua ampeleke mwanawe wapi, ndio uliotajwa mkutano wa wazazi ulipogeuka kuwa mahakama ya mwalimu mkuu, ndio uliochapishwa na akademi kwenye mabango ya barabarani. KCPE imekwenda na KPSEA ya Gredi ya Sita imeshika mahali pake, lakini mazoea ya kuusoma wastani kama hukumu ya kazi ya walimu yamebaki. Nashikilia kwamba katika shule ya umma ya mahali kama Salgaa, hukumu hiyo haina msingi. Wastani unatueleza ni watoto gani walioketi kwenye madawati siku ya mtihani, na hautuelezi shule iliwafanyia nini. Tukitaka kujua shule imefanya nini, tumpime mtoto yule yule kutoka alipoingia hadi alipofika, kisha tuulize kama wote walioingia naye bado wapo.

Salgaa iko kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, takriban kilomita 30 kutoka mjini Nakuru, katika kaunti ndogo ya Rongai. Taifa linaijua kwa ajali za mteremko wa barabara hiyo: moto wa lori la mafuta pale Sachangwan, Januari 2009, uliowaua zaidi ya watu 100, na basi lililogongana na lori Migaa alfajiri ya Desemba 31, 2017, watu 36 wakafa. Kwa anayetaka kuzielewa shule za hapa, hata hivyo, jambo kubwa kuhusu barabara hii ni kwamba inaleta watu na kuwachukua. Matrela yatokayo Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hulala hapa, na usiku huo mmoja wa dereva ndio unaowalisha wenye hoteli, wapangishaji wa vyumba, mafundi wa magurudumu, wauza chai na mahindi, pamoja na wanawake wanaofanya biashara ya ngono na wana watoto wa kusomesha kama mama mwingine yeyote. Pembeni ya barabara kuna mashamba ya mahindi na vibarua wanaofuata msimu. Mbele kidogo, upande wa Rongai na Mogotio, kuna mkonge na wafanyakazi wake. Ongeza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizong'oa maelfu ya familia upande wa Molo na Kuresoi na kuzitawanya kila palipopatikana chumba cha kupanga. Mji ulioundwa hivyo haulei kizazi kimoja cha wanafunzi kutoka chekechea hadi Gredi ya Sita. Biashara ikififia, mama anafunga kibanda katikati ya muhula na kuhamia Mau Summit, Burnt Forest au Malaba, na mtoto anaondoka naye. Wiki ifuatayo anaingia mwingine ambaye daftari lake linaanzia katikati.

Hesabu yenyewe basi inadanganya hata kabla hatujafika kwa walimu. Tuchukue kwa mfano shule yenye watahiniwa 40, na tuseme mtoto wa katikati anapata alama 240 kati ya 500 huku theluthi mbili za wenzake wakiwa kati ya 170 na 310. Kanuni za takwimu zinaonyesha kwamba wastani wa kundi la ukubwa huo huyumba kwa alama kama 11 kwa bahati tupu, na tofauti kati ya wastani wa mwaka mmoja na wa mwaka unaofuata huyumba kwa alama 15 au 16, walimu wakiwa wale wale na bidii ile ile. Watoto watatu wa alama 350 wakihamishwa na wazazi wao mwezi wa Agosti, nafasi zao zikachukuliwa na watatu wa alama 180, wastani wa darasa zima unashuka kwa karibu alama 13. Hakuna mwalimu aliyelegea. Thomas Kane na Douglas Staiger waliona jambo hilo katika matokeo ya shule za msingi za North Carolina, Marekani, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002: shule ndogo ndizo zilizotokea mara kwa mara kileleni, na ndizo zilizoporomoka mara kwa mara pia, kwa sababu watoto wachache hawatoshi kuituliza bahati. Shule ya mjini yenye watahiniwa 200 ina kinga fulani dhidi ya kuyumba huko. Shule ya kituo cha barabarani haina, kisha juu ya udogo wake imeongezewa uhamaji. Wazazi wanaopigia makofi ongezeko la alama kumi mwaka huu, na kumtaka mwalimu mkuu ahamishwe mwaka ujao alama hizo zikipotea, mara nyingi wanaishangilia na kuiadhibu bahati.

Bahati ingekuwa jambo dogo kama tofauti kubwa za kudumu, zile za akademi yenye wastani wa 370 na shule ya umma yenye 230, zingekuwa zinatokana na ufundishaji. Ushahidi hauelekei huko. Tangu ripoti ya James Coleman nchini Marekani mwaka 1966, watafiti wa nchi nyingi wamekuta kwamba sehemu kubwa ya tofauti za alama kati ya shule na shule mtoto huja nayo kutoka nyumbani: elimu ya mama, vitabu, chakula, utulivu wa kulala na kuamka mahali pale pale. Kenya ina ushahidi wake, na ni wa kustaajabisha. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, katika makala waliyochapisha mwaka 2014, waliwalinganisha wanafunzi waliopita kwa alama chache mstari wa kuingia shule za kitaifa na wale waliokosa kwa alama chache. Makundi hayo mawili yalikuwa sawa kwa kila hali isipokuwa shule waliyopelekwa. Miaka minne baadaye, katika mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, waliosoma shule za kitaifa hawakuwa wamewapita wenzao kwa kiasi cha maana. Shule ambazo nchi nzima inazitamani zilikuwa zinang'ara kwa sababu zilipokea watoto waliokwisha kung'ara. Kama ndivyo kwa shule zenye maabara, mabweni na walimu wa kutosha, ni vigumu kuamini kwamba akademi inayomhoji mtoto mlangoni na kumkataa asiyejua kusoma inadaiwa heshima yote inayopewa kwa wastani wake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumtahini mtoto ili apate nafasi ya shule ya msingi. Shule ya umma ya Salgaa inaitii kwa lazima ya hali yake: inampokea yeyote aliyeshuka kwenye gari, na anaingia katika hesabu ya wastani pamoja na wengine wote.

Upo pia upande wa lugha, ambao huko Salgaa una uzito wa peke yake. Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali, na penye mchanganyiko wa jamii pawe na Kiswahili au Kiingereza. Salgaa ina Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya, Wajaluo na Waturkana waliokutanishwa na barabara, na lugha yao ya sokoni ni Kiswahili. Karatasi za mtihani, isipokuwa ile ya Kiswahili, huja kwa Kiingereza. Mtoto anayejua kwamba maji ya moto hutoa mvuke, na kwa nini, anaweza kupoteza alama ya sayansi kwa sababu hakuielewa sentensi ya swali. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipofuatilia ugawaji wa vitabu vya kiada katika shule za Busia, walitarajia alama za wote zipande. Zilipanda za wanafunzi waliokuwa juu tayari, kwa vile vitabu vilikuwa vya Kiingereza na wengi wa waliobaki hawakuweza kuvisoma. Mtihani unaopima ujuzi wa sayansi kupitia lugha ambayo mtoto haisikii popote nje ya darasa unapima mambo mawili kwa wakati mmoja, na wastani unayachanganya kiasi kwamba mwalimu hawezi kujua afundishe nini zaidi.

Madhara makubwa zaidi huja wastani unapofanywa silaha. Tanzania ilijaribu mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, kuzipanga na kuzitangaza shule zote za msingi kwa matokeo ya darasa la saba. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza kilichofuata. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha alama, na hilo lisifichwe. Lakini shule hizo hizo zilipunguza idadi ya wanafunzi wa darasa la mwisho: waliotarajiwa kuvuta wastani chini hawakufikishwa kwenye chumba cha mtihani. Nchini Kenya mbinu ya namna hiyo inajulikana na kila mwalimu na kila mzazi. Mtoto anarudishwa darasa, au mzazi wake anaitwa na kushauriwa kwa upole amtafutie shule nyingine, ingawa sheria ya 2013 inakataza kumrudisha mtoto darasa. Ni rahisi kufanya hivyo Salgaa kuliko karibu popote, kwa sababu mtoto akikosekana hakuna anayeshangaa. Kila mtu atasema wamehama. Huko Chicago, Brian Jacob na Steven Levitt waligundua kwamba kila mwaka, katika angalau madarasa manne au matano kwa kila mia ya shule za msingi, mwalimu au msimamizi alikuwa amegusa majibu ya watoto. Binadamu akiambiwa kazi yake itahesabiwa kwa namba moja, ataishughulikia namba ile.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi unatoka Busia na Teso. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shule 50 ziliahidiwa zawadi kwa walimu, hadi asilimia 43 ya mshahara wa mwezi, matokeo yakipanda au yakiwa juu. Waliobuni mpango waliona mapema hatari ya kuwaficha watoto, wakaweka kanuni kwamba mwanafunzi asiyefanya mtihani ahesabiwe kwa alama ya chini. Kanuni hiyo ilifanya kazi: watoto wengi zaidi walifanya mtihani. Alama nazo zilipanda. Ila Glewwe, Nauman Ilias na Kremer walipotazama ndani ya darasa, hawakuona walimu wakihudhuria zaidi, wala kazi ya nyumbani ikiongezeka, wala ufundishaji ukibadilika. Walichoona ni vipindi zaidi vya kuwaandaa watoto kwa mtihani, na zawadi zilipokoma faida ikayeyuka. Naliona funzo hili lina sehemu mbili, na wanaolitumia hutaja moja tu. La kwanza ni kwamba kuwapa walimu shinikizo la alama hununua alama, hakununui elimu. La pili, ambalo ndilo lenye manufaa kwetu, ni kwamba kanuni ya kuhesabu inaweza kuandikwa ili imlinde mtoto dhaifu badala ya kumfukuza.

Wizara ya Elimu ingejibu kwamba haya yote yamekwisha kushughulikiwa. Utangazaji wa shule bora ulipigwa marufuku mwaka 2014. KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza mwishoni mwa Novemba 2022, haimzuii mtoto kuendelea na sekondari msingi. Asilimia 60 ya alama yake hutokana na tathmini za shuleni katika Gredi ya Nne, ya Tano na ya Sita, na matokeo hutolewa kwa viwango vinne, kuanzia mbali na matarajio hadi kuzidisha matarajio. Hayo ni mabadiliko ya kweli na aliyeyasukuma anastahili shukrani. Hata hivyo yameacha mlango wazi katika sehemu mbili. KPSEA inachangia asilimia 20 ya matokeo ya Gredi ya Tisa, ambayo ndiyo yanayotumika kumpangia mtoto shule ya sekondari pevu. Kwa hiyo uzito ulioondolewa mlangoni umerudi kupitia dirisha, na akademi zimekwisha kuuona. Pia tathmini za shuleni husahihishwa na mwalimu wa mtoto mwenyewe, ambaye anajua kwamba shule jirani nayo inasahihisha kwa ukarimu. Zaidi ya hapo, mtoto aliyefanya tathmini ya Gredi ya Nne Malaba, ya Tano Salgaa na ya Sita Mariakani anatokea mwishoni kama mwanafunzi wa Mariakani. Maendeleo yake, au kudorora kwake, hayasomeki popote kama hadithi moja.

Pingamizi zito dhidi ya hoja yangu linatoka Wales. Mwaka 2001 serikali ya huko iliacha kuchapisha orodha za shule kwa matokeo, Uingereza yenyewe ikaendelea. Simon Burgess na wenzake walipolinganisha nchi hizo mbili walikuta kwamba matokeo ya Wales yalidhoofika, tena yaliathirika zaidi katika shule ambazo hazikuwa za juu. Walioumia kwa kimya ni watoto wa wazazi wasio na njia nyingine ya kujua shule inafanya nini. Mtu anayependa kusema tufute takwimu zote na kuwaamini walimu anapaswa kuukabili ushahidi huo, nami nauchukulia kwa uzito kamili: mama anayeuza chai usiku kucha Salgaa ana haki ya kujua kama mwanawe anafundishwa, na kumnyima habari hiyo kwa kisingizio cha kumlinda mwalimu ni kumdharau. Ninachokataa ni kumpa habari isiyojibu swali lake. Mwaka 2016 shule za sekondari za Uingereza zilianza kupimwa kwa hatua ambayo wanafunzi wamepiga tangu mwisho wa shule ya msingi, na alama za mwisho pekee hazikutosha. Kipimo hicho kina kasoro zake, lakini kinauliza swali lililo sawa.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia uhamaji na umaskini ni kuwapa walimu wazembe maficho. Ningesema kipimo cha hatua ndicho kinachowaondolea maficho, na huwaondolea wote. Mwalimu wa shule ya umma hawezi tena kusema watoto wangu ni maskini, kwa kuwa analinganishwa na pale walipoanzia watoto hao hao. Akademi nayo haiwezi kuishi kwa jasho la uteuzi wake. Na kwamba watoto maskini hufundishika si matumaini tu. Mpango wa Tusome, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2015 katika madarasa ya mwanzo ya shule za umma, uliweka kitabu mkononi mwa kila mtoto, ukampa mwalimu mwongozo wa kila siku na afisa wa kumtembelea darasani, na usomaji ukapanda. Miaka ya kabla yake utafiti wa Uwezo ulikuwa umekuta kwamba takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kufanya kazi ya darasa la pili. Uwezo ina jambo jingine la kujifunza: iliwatahini watoto nyumbani kwao. Aliyeacha shule, aliyefukuzwa na aliyekuwa anabeba maji siku hiyo wote walihesabiwa, na hakuna mwalimu mkuu aliyeweza kumficha yeyote.

Linabaki swali la gharama, ambalo katika shule ya umma si la kupuuzwa. Elimu ya bure ilipoanza Januari 2003 serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na hata baada ya kupandishwa hadi 1,420 fedha hizo huchelewa, huku shule hizo hizo za msingi zikipewa sekondari msingi kuihifadhi. Lakini kinachohitajika hapa hakidai mitambo. Aya fupi ya Kiswahili, aya fupi ya Kiingereza na hesabu chache, kwa mtindo wa Uwezo, humchukua mtoto mmoja dakika chache. Kila anayeandikishwa, awe ameingia Januari au katikati ya Julai, asomeshwe aya hizo wiki yake ya kwanza na kiwango chake kiandikwe. Asomeshwe tena kila mwisho wa mwaka, na siku hiyo walimu wa shule mbili jirani wabadilishane madarasa ili pasiwe na anayejipa alama mwenyewe. Afisa wa elimu wa kaunti ndogo ya Rongai angeweza kuyapanga hayo bila kusubiri Nairobi. Mzazi angeelezwa mambo matatu: mtoto wako alisoma nini alipokuja, anasoma nini sasa, na kati ya watoto kumi walioingia naye wangapi bado wako kwenye rejesta. Hili la tatu ndilo ningelipigania kwanza. Mtoto anapohama, shule anayotoka hutakiwa kuliachilia jina lake kwenye mfumo wa wizara kabla ya shule anayokwenda kulipokea, na nambari yake ya utambulisho haibadiliki. Jina lililoachiliwa likakaa bila kupokelewa popote linaonekana kwenye mfumo. Orodha ya majina hayo, shule kwa shule, ingetolewa kila mwisho wa muhula na kupewa chifu, mwalimu mkuu na bodi ya shule, waanze kuwatafuta watoto wenyewe.